Masika ya Kitabu cha Maji Machungu

Jumanne, 8 Aprili 1986

Wazungu wamekwisha. Wa mwisho alikuwa Mjerumani mwenye mabega mekundu kama kamba wa kuchemsha. Nilimfikisha kwenye teksi, akanikumbatia, akalia. Hulia wote. Mimi Uthman Muhdhar, mtembeza wageni nisiye na mfano kutoka Mambrui hadi Watamu, nazungumza Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa cha kuombea radhi na Kiingereza cha kuombea kila kitu. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha; tumeshasameheana.

Sasa hoteli zimefunga mpaka Julai, mvua inanukia, na kazi yangu ya masika ni moja tu: vitabu. Wageni huviacha vyumbani, wafagizi wakaniletea. Mwaka huu nimepata gunia zima, na vyote vya namna moja, vya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Dunia inaangamia. Ama nyota yaja kutugonga, ama bahari yapanda, ama viumbe washuka kutoka juu kuja kututawala. Kila alasiri nakaa kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Shela, nasoma Kiingereza kwa macho, nasimulia Kiswahili kwa mdomo. Pale nisipofahamu natia changu. Hakuna aliyewahi kulalamika. Chakula kisicho viungo ni cha mgonjwa.

Shajara hii nimeianza kwa sababu watu wa ndani ya vitabu hivyo, wakishaona mambo yanaharibika, huandika. Mke wangu Nana kaniambia, "Andika, bwana. Ukimaliza, lile paa bado lavuja."

Jumamosi, 12 Aprili

Nyota ya mkia, ile iliyotangazwa redioni, tumeiona. Kama alama ya kidole kwenye kioo. Zubeir kinyozi asema ameona mba zinazong'aa kuliko hiyo. Shangazi yangu Bi Kulthum hakucheka. Asema mamake aliiona hii hii akiwa kigori.

"Na mwaka ule palikuwaje, shangazi?"

"Ulikuwa mwaka mrefu," akasema, akaingia ndani.

Jumamosi, 19 Aprili

Tumemaliza kile cha nyota iliyoigonga Ulaya. Maoni ya baraza nayaandika, maana hata huko London nadhani hawajapata wahakiki kama hawa.

Zubeir: watu wale wapumbavu. Wameambiwa mwezi mzima nyota yaja, nao wanakwenda kazini. "Mimi ningefunga duka siku ile ile." Nikamwambia hata bila nyota duka lake hufungwa likifika joto.

Bi Kulthum husikiliza nyuma ya pazia la dirisha lake, limepakana na baraza yangu. Sauti ikatoka: "Katika umati wote ule hakuna hata mmoja mwenye shangazi? Dunia yaisha na hakuna anayekwenda kumtazama mtu wake?"

Thuku muuza makaa alikuwa amesimama na gunia begani tangu nusu ya kisa. Ni mtu wa bara, Mkikuyu, alihamia mtaani mwaka jana pamoja na mkewe Dorcas, na banda lake la makaa liko karibu na kisima. Hasemi sana. Leo akasema, "Na kwa nini hiyo kitu inaanguka kwao kila mara? Huku kwetu hakuna kitu ya kuharibu?"

Tukacheka mpaka Zubeir akashika nguzo. Nikasema wale wenzetu hata maangamizi wanajipendelea. Lakini nasi tunayo ya kwetu, Gede hapo: mji mzima wa mawe, misikiti na visima, na watu wake wakaondoka, hakuna ajuaye kwa nini. Mjerumani mimi humwambia ni tauni. Mtaliano humwambia ni vita. Mwingereza humwambia visima vilikauka.

"Na ukweli?" akauliza Zubeir.

Ukweli hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Mto Sabaki umefurika, bahari imekuwa nyekundu kwa tope mpaka kwenye gati. Mwani umerundikana ufuoni na unanuka kama kitu kilichokuwa hai.

Jumatano, 30 Aprili

Redio yasema huko Urusi kiwanda cha umeme kimeungua, na limetoka wingu la sumu lisiloonekana wala kunusika, laenda na upepo. Watu wa mji mzima wamepakiwa kwenye mabasi.

"Uthman," Zubeir akaniuliza polepole, "hicho ni kitabu ama ni redio?"

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza kitabu kipya. Hakina jalada, jina lake halijulikani. Kisa chenyewe: mji mdogo wa pwani huko Uingereza, masika kama haya yetu, na kuna kitu kimefika. Kimefikaje, hakisemwi. Maji ya visima yanaanza kuwa machungu. Watu wanaugua. Kila mtu anajua adui yumo mjini na hakuna amwonaye.

Nilisoma hivyo hivyo kwa uaminifu kwa alasiri mbili, na baraza ikaanza kupiga miayo.

"Adui gani hana sura?" Zubeir akafoka. "Kama sinema isiyo na mwizi! Rudisha hicho, tuletee cha wadudu wakubwa."

Basi nikampa sura. Nilikuwa najiona fundi. Nikasema: adui ni mrefu, bega moja limeshuka kama aliyebeba kitu maisha yake yote. Amevaa koti refu la mvua hata kukiwa na jua. Mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko, na kila jioni huonekana kisimani akiiosha, na haitakati.

Baraza nzima ikalipuka kwa kicheko. "Thuku huyo!" Zubeir alilia machozi ya kicheko. Hata nyuma ya pazia palichekwa. Na Thuku huyo akapita na koti lake, wakamwambia.

"Sasa wewe Uthman, umeniweka kwa kitabu?" akasema huku anacheka. "Huko ndani nakula nini?"

"Wanywa damu na chai ya rangi."

"Afadhali kuna chai," akasema, akaenda zake kisimani kunawa mikono. Wote tukamtazama akinawa. Ulikuwa mzaha mtamu sana.

Jumapili, 4 Mei

Wamenisihi nisome mara mbili. Nimemwongezea adui kikohozi.

Jumamosi, 10 Mei

Mwezi umeandama, leo tumefunga. Futari ya kwanza Nana alileta maji ya kisima, nikayatema. Sikutaka kuyatema, mdomo ndio uliokataa. Yalikuwa na ladha ya msumari wenye kutu.

"Mvua imeyachafua," nikasema.

Nana alinitazama. "Hivyo ndivyo alivyosema yule mkuu wa mji kwenye kitabu chako," akasema. "Sura ya pili."

Alhamisi, 15 Mei

Chiku, mjukuu wa Bi Kulthum, anaharisha na kutapika tangu juzi. Mtoto wa miaka sita, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya yabaki imesimama. Nyumba ya pili nao wana mgonjwa, na ile ya kona. Nilikwenda kumtazama. Nilimwigia Mtaliano aliyeanguka kwenye punda, kichekesho changu ambacho hakijawahi kushindwa. Chiku hakucheka. Aliniuliza, "Ami, yule mtu wa kitabuni anaingia ndani ya nyumba?"

Nikamwambia hapana. Bi Kulthum alikuwa ameketi kitandani anampepea.

Jumamosi, 17 Mei

Mueni amekuja. Ni muuguzi wa hospitali, Mkamba, msichana mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Amewapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari, akatazama kisima, akatazama nyumba zetu, akatwambia bila kupamba: vyoo vyetu vya shimo viko karibu mno na maji, mvua imeyapandisha, sasa yanakutana huko chini. "Mnakunywa vyoo vyenu. Chemsheni mpaka yatokote. Yote, hata ya kuoshea mboga."

Watu waliitikia kwa adabu. Alipoondoka, Zubeir akasema, "Babu zetu walichimba vyoo hivyo na kisima hicho, wakaishi miaka themanini. Mwaka huu ndio vimejuana?"

Nikasema, "Tuchemsheni tu, Zubeir."

"Kwa makaa gani?" akaniuliza.

Kuni zote zimelowa. Makaa yaliyo makavu yako bandani kwa Thuku. Nilifikiri anauliza bei.

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Mwamba wa nyuma ya msikiti unatoa maji kama jasho.

Ijumaa, 23 Mei

Leo nimefahamu alilokuwa akiuliza Zubeir. Hakuna anunuaye makaa kwa Thuku. Mwezi wa Ramadhani, kila jiko lapika kaimati na maharagwe ya nazi, na watu wanapuliza kuni mbichi mpaka macho yanavimba, kisha wanakunywa maji mabichi kwa sababu moto huo wa moshi hauchemshi kitu. Nana peke yake ndiye amenunua. Alibeba gunia zima kichwani mchana kweupe, akapita katikati ya njia, na madirisha yakafungwa mbele yake moja baada ya jingine.

Nilimkabili Zubeir mbele ya baraza. "Wewe una akili timamu? Yule ni Thuku! Alikubebea mgonjwa wako hospitalini mwaka jana!"

"Sijasema kitu juu ya Thuku," akanijibu. "Nasema juu ya kitabu. Umetusomea wenyewe. Watu wa mji ule walimwona kisimani kila jioni, wakacheka. Ndilo kosa lao. Walicheka."

"Ni hadithi, bwana!"

"Na wingu la Urusi? Na nyota?" Kisha akasema neno ambalo siwezi kulitoa kichwani: "Vitabu hivyo vyote mtu wa kwanza kusema kweli huitwa mwendawazimu. Vyote, Uthman. Ndivyo ulivyotufunza."

Nikaona dawa ni kitabu chenyewe. Nikakifungua, nikajifanya nasoma: kumbe mtu mwenye koti alikuwa mwema, ndiye anayesafisha maji, watu wakamwomba radhi, wakamfanyia karamu. Nilisimulia kwa ufundi wangu wote, hata mimi nikataka kulia.

Kisha sauti ya Bi Kulthum ikatoka nyuma ya pazia: "Hapo husomi, mwanangu. Hapo umekiogopa."

Jumatano, 28 Mei

Nilimpelekea Thuku futari ingawa hafungi. Dorcas ana mimba, miezi saba hivi, alikuwa ameketi juu ya gunia anashona kijishati. Ukutani mwa banda mtu amechora kwa makaa mkono mkubwa mweusi.

"Ni watoto tu hao," nikasema.

"Mtoto hafiki pale juu," akasema Thuku.

Dorcas hakuinua macho kwenye sindano. "Bwana Uthman, mimi nikienda kisimani wananiachia nafasi. Nilifikiri ni heshima ya tumbo. Jana nikaona mama mmoja akiosha kamba baada yangu."

Nilitafuta mzaha. Mimi! Nikaupekua mdomo wangu kama mtu apekuaye mfuko uliotoboka.

"Nitalimaliza hili jambo," nikamwambia.

"Sawa," akasema Thuku. "Lakini usilimalize kwa kusoma."

Jumapili, 1 Juni

Wanataka kusoma Halbadiri. Ni kisomo cha kumwapiza asiyejulikana: wanaume hukusanyika, husoma majina ya mashahidi wa Badri, wakamkabidhi Mungu mwenye kosa. Popote alipo humpata. Huvimba, hupooza, huanguka njiani. Mwalimu wa msikiti amekataa. "Badri haisomwi kwa uvumi," kasema, akawafungia mlango. Zubeir amesema wasomaji si mwalimu peke yake, yuko mmoja Mambrui, na watasoma Ijumaa, pale pale kisimani.

Nana anajua mambo kuliko mimi. "Hawana haja ya kisomo kimpate," akasema. "Wakishasoma watakaa wamngoje. Dorcas akijifungua vibaya, watasema ndiyo hiyo. Thuku akijikwaa, ndiyo hiyo. Na asipopatwa na kitu, kuna watakaomsaidia Mungu."

Jumatano, 4 Juni

Leo nimefanya jambo ambalo mtembeza wageni halifanyi. Nimesema sijui.

Alasiri niliwaita wote barazani. Walikuja, hata wanawake madirishani. Nilimwita na Mueni, yeye amesoma mpaka sekondari. Nikasimama nikasema: mtu mwenye koti hayumo kitabuni. Nilimtia mimi, kwa kuwa mlikuwa mnapiga miayo. Kiingereza changu ni cha kuonyeshea wageni choo kilipo, nusu ya ukurasa hunipita. Nikampa Mueni kitabu, nikamwomba asome sura za mwisho, atueleze yaliyoandikwa, asiongeze hata chumvi.

Akasoma kimya, kidole kikifuata mistari. Mvua ilikuwa imesita, maji yakidondoka kwenye makuti.

"Humu hakuna mtu," akasema. "Hakuna koti wala mikono. Haisemwi ni nini kilichoingia, mpaka mwisho. Wanaogopana. Wanafukuza wa kwanza, halafu wa pili. Mwishowe wanaondoka wote, anabaki anayeandika peke yake. Anakwenda kisimani, anachota, anaonja." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Maji ni matamu. Hapo kimekwisha."

Nikasema, "Mwaona! Hapakuwa na adui!"

Pazia la Bi Kulthum likafunguka. Sijawahi kumwona akilifungua mbele ya wanaume. Uso wake ulikuwa umechoka kwa kukesha na Chiku. Akasema kwa upole, kama mtu amwelezaye mtoto: "Si umesikia mwenyewe, mwanangu? Walipoondoka, maji yakawa matamu. Basi alikuwa miongoni mwao."

"Shangazi, sivyo kilivyokusudia..."

"Kwani wewe umezungumza na aliyekiandika?"

Na Zubeir akatikisa kichwa, amekubali. Baraza nzima ikatikisa kichwa. Kitabu nilikitaka kiwe shahidi wangu, nacho kilitoa ushahidi kwa upande wao. Mueni alikuwa bado amekishika, akinitazama, akingoja nicheke ama niseme neno.

Alhamisi, 5 Juni

Thuku hakungoja Ijumaa. Asubuhi lilikuja lori la mkaa kutoka Marafa, wakapakia kitanda, sufuria, magunia matatu. Mengine ameyaacha. Nilimsaidia kupakia. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na nyuma ya kila moja palikuwa na mtu.

Nana alimpandisha Dorcas mbele, akamfunga leso kiunoni, akamwambia asikubali dereva apite kwenye mashimo kwa kasi. Walishikana mikono muda mrefu.

Thuku alivaa koti lake. Mvua ilikuwa ikinyesha.

"Ile kitabu," akaniuliza, "mwisho wake ilisemaje?"

Nilitaka kumdanganya. Sikuweza hata hilo.

"Wanaondoka, na maji yanakuwa matamu."

Akafikiri. "Basi mnywe," akasema, akapanda.

Jumatatu, 9 Juni

Idi. Chiku ameinuka, amekula kaimati mbili. Wiki tatu Mueni amekuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Bi Kulthum amemshukuru Mungu, akasema, "Mmeona? Siku nne tu tangu aondoke." Halbadiri haikusomwa, ati haikuhitajika. Watu wanakumbatiana njiani. Wameanza kuchota tena bila wasiwasi, wanakunywa pale pale, wanasema yametengenea.

Nilionja. Msumari wenye kutu.

Jumatano, 11 Juni

Zubeir anaharisha. Na nyumba tatu za upande wa soko.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikwenda kumtazama asubuhi. Amelala ubavu, midomo imekauka, kinyozi mwenye ndevu zisizonyolewa. Nilimtilia maji ya Nana, yaliyochemshwa, akanywa. Ni rafiki yangu tangu tukiiba ubuyu pamoja, siwezi kumchukia, nimejaribu.

"Kwa hivyo hakuwa yeye," akaninong'oneza.

"Hakuwa yeye, Zubeir."

Nilidhani atalia. Alikuwa anafikiri. "Basi," akasema, "ni nani?"

Alasiri mvua ikakatika. Mueni akaja na ndoo ya dawa ya kutia kisimani, ile nyeupe inayonuka kama bwawa la hoteli. Watu walikuwa wamesimama kwenye milango. Nikasikia mtu nyuma yangu, sikugeuka nimwone ni nani, akisema si kwa hasira, kwa kustaajabu tu: "Muuguzi huyu kila siku yuko kisimani. Anatia nini mle?"

Nilijua sauti hiyo. Ni sauti ya baraza yangu, sura ya tatu, pale kisa kinapoanza kunoga.

Ndoo ilikuwa nzito, Mueni ameinama upande mmoja, bega limeshuka. Niliondoka mlangoni pangu nikavuka uwanja, nikashika mpini upande wa pili. Akanitazama, akasogea kunipa nafasi. Tukaiinua pamoja mpaka ukingoni. Nilikuwa nimetayarisha mzaha wa Mfaransa na sabuni. Nilipoinua uso niseme, nikawaona jinsi walivyosimama, wakinitazama kama walivyomtazama Thuku.

Pazia likafunguka. Bi Kulthum akatoa kichwa, na Chiku pembeni yake ameshika vyuma vya dirisha.

"Uthman, mwanangu," akaniita kwa sauti ile ile ya upole, na uwanja mzima ukamsikia. "Nyumba yako pekee ndiyo haijaugua. Na wewe umeanza lini kutia?"

Mueni aliuliza kama tumimine. Nikamwambia mimina.